Uta wa Waata na Bunduki ya Leseni

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka bandarini Mombasa na kupanda treni ya kwenda bara. Reli ilimpitisha nyika ya Taru na Tsavo. Safari yake ilipokwisha mwaka uliofuata, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512, wakiwemo tembo 11. Leseni walikuwa nazo.

Katika nyika hiyohiyo waliishi Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Hao nao waliwinda tembo, ila kwa uta. Kwa sheria ya serikali ya kikoloni, walikuwa majangili.

Uta wao haukuwa wa mchezo. Kuuvuta hadi mwisho kulihitaji nguvu ya kuinua zaidi ya kilo 45. Mwindaji alinyatia kinyume cha upepo hadi akawa hatua chache tu kutoka kwa tembo, kisha akalenga tumbo, mahali ambapo hapana mfupa wa kuzuia kigumba. Kilichoua ni sumu, iliyopatikana kwa kuchemsha vipande vya mti wa jamii ya Acokanthera kwa saa nyingi hadi vikatoa uji mzito mweusi kama lami. Sumu hiyo husimamisha moyo. Ili isikauke, kigumba kilichopakwa kilivishwa ngozi laini hadi saa ya kutumika. Kujua kama ina makali, mtu alijichanja kidogo, akaacha damu itiririke, akagusisha sumu mwisho wa mchirizi na kutazama weusi ukipanda. Ilimbidi aifute damu kabla weusi haujafika kwenye jeraha.

Walioupinga uta walikuwa na hoja zao. Walisema mnyama akichomwa vibaya huenda kufia mbali kwa mateso. Mshale hauna mlio, kwa hiyo askari wa wanyamapori hasikii kitu. Na pembe ziliishia kwa wafanyabiashara wa pwani. Hoja hizo zilikuwa na ukweli. Lakini hata risasi hujeruhi, na pembe za mwenye leseni nazo zilikuwa na bei.

Ubishi wa namna hii ni wa kale. Mwaka 1541, enzi za Henry VIII, Bunge la Uingereza lilimkataza mtu asiye na ardhi ya kumwingizia pauni 100 kwa mwaka kuwa na upinde wa kifyatuo, ule wenye kitako kama cha bunduki. Uta wa kawaida ukaachwa kwa wananchi, tena wakahimizwa kuufanyia mazoezi kwa ajili ya vita. Huko Marekani, wawindaji wa majimbo mbalimbali wamebishana kwa miaka mingi juu ya upinde huohuo: wengine wanaona unarahisisha mno mauaji, wengine wanasema unawapa nafasi wazee na walemavu. Kwa Waata swali lilikuwa zito zaidi, maana hawakuwa na silaha nyingine ya halali ya kugeukia.

Hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, sehemu kubwa ya mawindo yao ikawa ndani ya mpaka. Kati ya 1956 na 1957 maofisa wa hifadhi David Sheldrick na Bill Woodley waliongoza msako mkali. Wawindaji wengi wakafungwa na uwindaji wa uta ukakaribia kukoma.

Baadhi ya maofisa waliona wamewaondolea watu riziki bila kuwapa nyingine. Mwaka 1960 ukaanzishwa mradi wa Galana, mashariki ya hifadhi, katika kilomita za mraba zipatazo 7,800, ili Waata wanufaike na tembo kihalali. Waliajiriwa, lakini tembo waliangushwa kwa bunduki. Mwishoni mwa muongo huo eneo likageuzwa ranchi ya mifugo.

Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo wa Tsavo kwa njaa, na baadaye magenge yenye bunduki yakawamaliza wengi wa waliosalia. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na hapo ndipo mgeni mwenye leseni na mzee mwenye podo walipowekwa kundi moja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaadhibu hata anayewinda kitoweo cha nyumbani, kwa hiyo Waata hawana tena leseni ya kudai.