Nyumba ya Bibi Harusi wa Lamu na Siri ya Kudumu Kwake

Wengi wenu mnaojiandaa kuolewa mnauliza kuhusu marumaru, jipsamu na vioo. Kabla hujamlipa fundi, tutazame nyumba walizokabidhiwa mabibi zetu wa Lamu.

Katika familia za waungwana wa Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi. Akiolewa, mume ndiye aliyehamia kwake. Nyumba za jamaa ziliweza kuunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia kama daraja, ili wanawake watembeleane bila kushuka mtaani. Kwa hiyo nyumba haikuwa pambo la siku saba za harusi. Ilikuwa mali ya mwanamke na sitara yake, hata ndoa ikivunjika au mume akifia safarini. Ndiyo maana ilibidi idumu.

Ilijengwa kwa vitu vitatu vilivyopatikana karibu. Cha kwanza ni mawe. Kuta nene zilijengwa kwa mawe magumu ya nchi kavu. Matumbawe yaliyotolewa baharini huwa laini yakiwa mabichi, basi hayo yalichongwa nakshi na yakikauka yakawa magumu.

Cha pili ni chokaa. Mawe yalichomwa juu ya kuni, yakamwagiwa maji, kisha chokaa ikaachwa ikae kabla ya kutumiwa. Kwa chokaa hiyo walijenga, wakapiga lipu, na wakatengeneza zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za kauri.

Cha tatu ni boriti za mikoko. Mti huu una asili ya kuwashinda wadudu, na ulisafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni. Boriti ni fupi, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu lakini upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Juu ya boriti walipanga mawe, wakamwaga zege ya chokaa na kuipigapiga mpaka ikashikana.

Je, nyumba hizi hazikutaka matunzo? Zilitaka, ila matunzo yake yalikuwa mepesi: kupaka chokaa upya, kuziba nyufa za paa mapema, kubadilisha boriti iliyochoka. Chokaa hupitisha unyevu, hivyo ukuta ukilowa mvua za masika hukauka wenyewe. Mpaka leo pale Lamu ipo Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya karne ya 18, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia.

Kinachoziumiza nyumba nyingi za zamani ni tiba isiyo yake. Saruji ya kisasa ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, wakati nyumba nyingi za Lamu zilikuwa zimeshasimama. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini ukiipiga juu ya ukuta wa mawe na chokaa, unyevu na chumvi hufungiwa ndani. Lipu inabanduka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza bila kuonekana.

Kwa hiyo dada, ukirithi nyumba ya mawe, mwambie fundi mapema kwamba unataka chokaa, na umtafute anayeijua. Ukijenga mpya, kila kifaa kiulizie mambo matatu: kinastahimili chumvi ya bahari? Kikiharibika, fundi wa hapa hapa atakitengeneza? Na gharama ya kukitunza utaiweza wewe mwenyewe, kwa pesa yako?

Hilo la mwisho wazee wetu walilizingatia sana. Walijua nyumba ya binti ni ya kumsitiri maisha yake yote. Allah atujaalie nyumba zenye baraka na utulivu. Aamin.