Viti Vitatu vya Shamte

Sisi wasomaji wa riwaya wengi tumeyajua Mapinduzi ya Zanzibar kupitia Adam Shafi na Kasri ya Mwinyi Fuad. Mimi pia. Lakini kadiri ninavyosoma historia ndivyo ninavyorudi nyuma zaidi, hadi Desemba 1959, kwenye ugomvi wa ndani ya chama juu ya nani aongoze.

ASP ilizaliwa Februari 1957, jumuiya ya Waafrika na ya Washirazi zilipoungana, Abeid Karume akiwa rais. Ndoa ile haikutulia. Mohamed Shamte na Ali Sharif wa Pemba, pamoja na Ameri Tajo wa Unguja, hawakuridhika na uongozi wa Karume. Karume naye hakung'oka. Basi wakatoka, wakaanzisha ZPPP, chama kidogo chenye nguvu zaidi Pemba.

Kidogo, ndiyo, lakini hebu tazama hesabu. Januari 1961 viti vilikuwa 22: ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Tena kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja tu! Kila mtu akawageukia wale watatu, nao wakagawanyika: Shamte na mwenzake wakaenda ZNP, Ali Sharif akarudi ASP. 11 kwa 11. Serikali haikuundika.

Kikaongezwa kiti cha 23, watu wakapiga kura tena Juni. Safari hii damu ilimwagika, wakafa watu 68. ZPPP ikapata viti vitatu vilevile, ikashikamana na ZNP, Shamte akawa mkuu wa serikali. Mwaka 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na 12 zake na ZPPP na 6 zikatawala. Uhuru ulipofika tarehe 10 Desemba, Waziri Mkuu alikuwa Shamte. Tarehe 12 Januari 1964 akapinduliwa.

Sisemi Shamte ndiye aliyeyaleta Mapinduzi. Mambo ya ardhi, ukabila na ukoloni hayakuanza naye. Ninachosema ni kwamba ndani ya ASP mtu hakuweza kushindwa kisha akabaki. Walioshindwa walitoka, na huko nje wakapata uzito ambao ndani hawakuwa nao. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Riwaya ninayoisubiri ianzie Chake Chake, usiku wa kuhesabu kura.