SS, MV na Moto wa Liemba

Sisi tuliokulia kati ya Geita na Mwanza tulizijua herufi MV kabla ya kujua maana yake. MV Victoria. MV Butiama. MV Bukoba, jina ambalo tangu Mei 21, 1996 hutajwa kwa sauti ya chini. Nilifika chuo kikuu ndipo nikaelewa kwamba herufi hizo zinazungumzia injini tu: meli inayoendeshwa kwa mota ni MV, na ya mvuke ni SS.

Ipo meli moja iliyowahi kubeba alama zote mbili, lakini haiko kwenye ziwa letu. Panda treni Shinyanga, badilisha Tabora, elekea magharibi mpaka reli iishie Kigoma. Hapo ndipo kwao Liemba.

Ilijengwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa na kupakiwa kwenye masanduku kama 5,000. Ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli, na Februari 1915 ikashushwa Ziwa Tanganyika ikiitwa Graf von Götzen. Götzen ndiye aliyekuwa gavana wakati wa Vita vya Majimaji. Kuwapitishia watu jina hilo mbele ya macho, miaka 8 tu tangu vita ile iishe, ni ujeuri unaostahili insha yake.

Julai 1916 Wajerumani wakarudi nyuma. Mafundi watatu, Rüter, Tellmann na Wendt, wakapewa kazi ya kuizamisha. Waliipakia mchanga, wakaipaka mitambo grisi nzito, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Walitaka siku moja iopolewe. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, boila na injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini ikiitwa Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe.

Kwa hiyo Waingereza walibadilisha jina, wakauacha moto.

Na moto wa mvuke una watu wake. Boila haiwashwi kwa kubonyeza kitufe. Maji lazima yachemshwe kwa saa kadhaa kabla mvuke haujapata nguvu ya kusukuma pistoni, maana yake abiria wakiwa bado wamelala, chini kuna mtu anatoka jasho. Safari nzima yeye hulisha moto, hutazama kiwango cha maji, huondoa majivu. Maji yakipungua mno, boila inaweza kupasuka.

Miaka ya 1970, Tanzania ikiwa huru, mvuke ukaondolewa na injini za dizeli zikafungwa. Kazi hiyo si sawa na kubadilisha betri. Ukitoa boila umetoa uzito mkubwa uliokuwa ukiituliza meli, na mizani yote lazima ihesabiwe upya. Safari hii jina lilibaki, moto ukahama: dizeli huungua ndani ya silinda yenyewe, haihitaji mtu wa kuichochea.

Siwalaumu walioamua. Mvuke hupoteza joto jingi kupitia bomba la moshi, na Liemba haikuwa kifaa cha makumbusho. Ilikuwa basi la vijiji visivyo na gati, ikisimama mbali na ufuko ili mitumbwi iifuate ikiwa na watu na dagaa, mpaka Mpulungu, Zambia.

Kinachonikera ni kingine. Wapakaji grisi watatu, kazi yao ya siku chache, wanatajwa kwa majina kila hadithi hii inaposimuliwa. Wachochea moto walioilisha meli hiyo karibu miaka 50 hutajwa kwa wingi tu, wakitajwa.

Ziwani kwetu, MV Victoria ya mwaka 1961 nayo ilifungwa injini mpya na kurudi majini mwaka 2020. Ubavuni iliandikwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Wengi wanaoisubiri Mwanza kwenda Bukoba bado wanaiita Victoria.