Nasaba ni ya Nani? Hakimiliki na Shajara Zinazokusanywa kwa Kujitolea

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Katika makala hii tunakusudia kulitazama suala ambalo wazee wetu hawakulijua kwa sura yake ya leo. Katika nchi nyingi wako watu wanaojitolea kukusanya majina ya waliozaliwa, waliooana na waliofariki, kisha wakayaweka katika tovuti ili kila mtu atafute ukoo wake bila malipo. Anakuja mwengine, anayachukua yote na kuyatia katika kitabu chake au kuyauza. Je, amekosa? Na kama amekosa, amemkosea nani?

Historia inatupa mfano ulio wazi. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipoanzisha diwani, yaani daftari la wanaostahiki posho kutoka Baitul Mali, aliwaita mabingwa watatu wa nasaba za Kikureshi: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Wakaanza na Bani Hashim, wakafuatisha jamaa za Abubakar (r.a.), kisha jamaa za Umar, kwa kufuata utaratibu wa ukhalifa. Umar alipouona mpango huo aliukataa. Akaamuru watu wapangwe kwa ukaribu wao na Mtume (S.A.W.), na yeye mwenyewe awekwe pale nasaba yake ilipomweka. Tuzingatie hapa: nasaba za watu hazikubadilika. Kilichobadilika ni mpangilio. Nasaba zilikuwepo kabla ya waandishi. Mpangilio ulikuwa ni rai ya aliyepanga.

Tofauti hii ndiyo ambayo sheria za hakimiliki za leo zimejengwa juu yake. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Feist dhidi ya Rural. Rural ilikuwa kampuni ya simu ya Kansas iliyotoa kitabu cha majina na namba za wateja wake. Feist ikanakili humo bila ruhusa, na majina 1,309 yakaonekana sawasawa katika vitabu vyote viwili. Mahakama ilisema kuwa ukweli hauna mwenyewe, na kwamba jasho la kukusanya peke yake halimpi mtu hakimiliki. Kinacholindwa ni ubunifu katika kuchagua na kupanga, na kupanga majina kwa alfabeti si ubunifu. Kwa kipimo hicho, tarehe ya kuzaliwa ya babu yako haimilikiwi na aliyeichapa katika tovuti.

Ulaya ilishika njia nyengine. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1996 liliweka haki mahsusi ya hazina ya data, inayodumu miaka 15, kwa aliyetumia gharama, watu au nyenzo nyingi kuikusanya na kuihakiki. Uingereza iliingiza haki hiyo katika sheria zake, na imebaki nayo hata baada ya kutoka katika Umoja huo. Nchini humo ndiko ulikoanza mradi wa FreeBMD mwaka 1998, ambamo watu wa kujitolea wananakili faharasa za vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales, zilizoanza kuandikishwa na serikali mwaka 1837. Lakini haki hii humwendea aliyeanzisha kazi na kubeba dhamana yake, si kila aliyechapa ukurasa mmoja usiku nyumbani kwake.

Isidhaniwe kuwa kila kilichomo katika tovuti ya nasaba ni huru. Maelezo ya maisha ya marehemu yaliyotungwa na mtu ni utungo wake. Picha ya kaburi ni ya aliyeipiga, ijapokuwa jina lililochongwa juu ya jiwe si lake. Chukua mfano unaozihusu pia familia zetu za mwambao zenye asili ya Hadhramaut: kitabu Shams al-Zahira cha Sayyid Abdurrahman al-Mashhur, Mufti wa Tarim aliyefariki mwaka 1320 H (1902). Mkataba wa Berne unalinda kazi kwa uchache miaka 50 baada ya kufa mtunzi, na muda huo umeshapita zamani. Lakini toleo lililochapishwa Jeddah mwaka 1984 lina maelezo ya mhakiki, na hayo yana hukumu yake.

Ama fiqhi, wanazuoni hawakuwa na kauli moja. Imamu al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki (aliyefariki 684 H) alieleza kuwa ijtihadi ya mtu hairithiwi kama mali, na baadhi ya waliokuja baadaye wakayashika maneno hayo katika kuipinga hakimiliki. Hata hivyo, kuiba kazi ya mwenzio kulikemewa tangu zamani; Imamu al-Suyuti (aliyefariki 911 H) aliandika risala nzima kumtofautisha mtunzi na mwizi. Mwezi wa Desemba 1988, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha tano huko Kuwait ilipitisha azimio namba 43, kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisharia na haijuzu kuzivamia.

Lipo jambo ambalo fiqhi inalikaza zaidi. Katika kesi ile ya Kansas, Rural ilikuwa imetia katika kitabu chake majina ya uongo ili iwanase wanaonakili, na manne kati ya hayo yakaonekana kwa Feist. Mtego huo katika kitabu cha simu haudhuru sana. Katika shajara ni balaa. Qur'ani imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na Mtume (S.A.W.) alitoa onyo kali juu ya kujinasibisha na asiyekuwa baba. Juu ya nasaba husimama mirathi, umahram na ndoa. Kwa hivyo haijuzu kulinda kazi yako kwa kumzulia mtu babu.

Linabaki suala la waliojitolea. Mwaka 2000 tovuti ya RootsWeb, iliyokuzwa kwa michango na kazi za watu wengi, ilichukuliwa na kampuni ya biashara, MyFamily.com. Ndipo linapokuja swali: aliyetoa kazi yake kwa ajili ya wote, alimpa nani? Mafakihi wetu walilijua swali hili katika mlango wa waqfu, na kwa hivyo wakasisitiza kuwa sharti la mwenye kutoa litajwe na lifuatwe. Tunaona kwamba kila kundi linalokusanya nasaba liandike sharti lake siku ya kwanza: nani atatumia, kwa njia gani, na nini kitakuwa iwapo tovuti itafungwa au kuuzwa.

Na anayechukua, hata pale sheria inapomruhusu, amtaje aliyemtangulia. Nasaba ni amana ya ukoo mzima. Jasho ni la aliyekusanya. Kumsahau huyo si uungwana, na kuibadilisha ile ni khiyana.

Wallahu aalam.