Bomba la H au la X? Mwongozo wa kuunganisha ekzosi ya gari la V8

Mwenye gari la Kimarekani la V8 akiingia gereji ya ekzosi, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: wataka H au X? Wengi hujibu kwa yale waliyoyasikia kwenye video ya mtandaoni au kwa rafiki. Fundi huchukua msumeno, hukata, huchomea, na siku ya pili mwenye gari hugundua kwamba sauti aliyoipata siyo aliyoitaka, au kwamba kila tuta la barabarani sasa linagonga bomba. Na bomba likishakatwa halirudi lilivyokuwa.

Makala haya yanaeleza bomba hilo la kuunganisha ni nini, linafanya kazi gani, na mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha. Neno letu kubwa ni moja: uchaguzi wa H au X ni wa sauti na wa nafasi iliyopo chini ya gari. Nguvu ya injini huja nyuma ya hayo, na ni ndogo kuliko inavyosifiwa.

Magari yenyewe

Tunazungumzia yale magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli: milango miwili, injini kubwa ya V8 mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Pontiac GTO ya mwaka 1964, yenye injini ya inchi za ujazo 389, yaani takriban lita 6.4, ndiyo ambayo wengi huitaja kuwa iliyofungua njia. Mwaka huohuo, tarehe 17 Aprili, Ford ilizindua Mustang. Baadaye zikaja Chevrolet Camaro, Dodge Charger na Dodge Challenger.

Hapa Pwani magari haya ni ya kuhesabu. Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, na gari la mitumba haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka 8. Lakini tangu Mustang ya mwaka 2015, Ford imekuwa ikiiunda pia na usukani wa kulia kutoka kiwandani, kwa hivyo mlango umefunguka. Na ndugu zetu walioko Ghuba na Amerika Kaskazini wanaishi penye magari haya kila kona. Wao ndio wanaotupigia simu kuuliza, nasi hapa twajibu kwa kubahatisha.

Tahadhari ya mapema: si kila Mustang ni V8. Ipo yenye injini ya silinda 4 ya lita 2.3 na tabo. Injini hiyo ina safu moja tu ya silinda, na moshi wake wote hupita njia moja kabla ya kugawanywa nyuma kwa ajili ya urembo. Kuifunga bomba la H au X ni kazi bilashi. Fungua boneti uhakikishe kwanza.

Kwa nini V8 inahitaji kuunganishwa?

V8 ina safu mbili za silinda, 4 kushoto na 4 kulia. Gari lenye ekzosi mbili lina bomba moja kwa kila safu, na mabomba hayo mawili huenda sambamba mpaka nyuma. Kama hayakutani popote, kila upande unatoa moshi wake peke yake.

Katika mizunguko miwili ya kranki, kila silinda hulipuka mara moja, na injini nzima hulipuka kila baada ya digrii 90. Kwa jumla ni sawasawa kabisa. Tatizo ni mgawanyo wa pande mbili. Chukua V8 ya zamani ya Chevrolet. Mpangilio wake wa kulipuka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na namba witiri ziko upande wa kushoto, namba shufwa kulia. Ukiufuata, mdundo unakuwa hivi: kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia.

Wafikirie wapigaji ngoma wawili. Mmoja anapiga, wa pili anapiga mara mbili mfululizo, kisha wanapokezana, halafu yule wa kwanza naye anapiga mara mbili. Ukisikiliza ngoma zote pamoja, mwendo ni mmoja. Ukiweka sikio kwenye ngoma moja tu, utasikia mapigo yanayokimbizana kisha kimya kirefu. Ndivyo ilivyo ndani ya kila bomba: nafasi kati ya mapigo ni digrii 270, 180, 90, kisha 180. Mapigo mawili yaliyokaribiana yanasukumana ndani ya bomba moja, ilhali bomba la pili wakati huo limepumzika.

Mngurumo ule wa kukatika-katika unaopendwa na watu unatoka hapo. Na hapo ndipo bomba la kuunganisha linapofanya kazi: linampa msukumo njia ya pili ya kutokea, upande ule ambao hauna shughuli wakati huo.

Bomba la H

Hili ni bomba fupi la kukingama linalounganisha mabomba mawili yaliyo sambamba, kama herufi H. Moshi mwingi unaendelea na njia yake. Kinachopita katikati zaidi ni msukumo, yaani wimbi la shinikizo, kuliko moshi wenyewe.

Sauti inabaki nzito, ya kifua, na ule mdundo wa kale wa V8 haupotei. Inapungua ukali kidogo tu. Injini nayo hupata nafuu kidogo katika mizunguko ya chini na ya kati, pale gari linapoanza kuvuta. Mustang za miaka ya 1960 zilizotoka na ekzosi mbili zilikuwa na H, na vivyo hivyo Mustang za lita 5.0 za mwishoni mwa miaka ya 1980. Anayetaka gari la zamani liwe kama lilivyotoka kiwandani hana haja ya kufikiri sana.

Faida nyingine ni urahisi. Fundi wa kawaida wa ekzosi anaweza kuitengeneza kwa kipande cha bomba kilichokatwa vizuri. Kipande hicho kisiwe chembamba: kikaribie kipenyo cha mabomba makuu, la sivyo msukumo hautapata njia.

Bomba la X

Hapa mabomba mawili yanapinda, yanakutana katikati na kuachana tena. Moshi wa pande zote mbili unapita mahali pamoja, na pigo la upande mmoja linasaidia kuvuta moshi wa upande wa pili. Mapigo yanasawazishwa zaidi kuliko kwenye H.

Matokeo yake masikioni ni sauti nyembamba zaidi, nyororo chini na kali juu, inayokaribia magari ya mashindano. Ule mkatiko wa kale unafifia. Kwa nguvu, X huonyesha faida yake injini inapozunguka kwa kasi kubwa, hasa iliyoongezwa uwezo. Kwa injini ya kawaida ya barabarani, tofauti kati ya H na X iliyotengenezwa vizuri aghalabu ni nguvu farasi chache tu, ambazo dereva hawezi kuzihisi akiwa amekaa kitini.

Ugumu wa X ni utengenezaji. Ule mkutano wa katikati unataka kukatwa kwa pembe sahihi na kuchomewa bila kuacha vidonda vya chuma ndani. X ya kuunga-unga yenye mshono uliovimba kwa ndani inaziba njia na kuwa mbaya kuliko kutokuwa na kitu. Kama fundi wako hana uzoefu nayo, nunua kipande kilichotengenezwa kiwandani, yeye akiunge tu.

Uongo wa "injini inahitaji kuzuiwa"

Utasikia gereji nyingi wakisema injini inahitaji moshi uzuiwe kidogo ili iwe na nguvu ya chini. Si kweli. Injini inahitaji moshi uende kwa kasi. Bomba pana kupita kiasi linapunguza kasi hiyo, na ndiyo maana aliyeweka bomba kubwa huona gari limekuwa zito kuondoka.

Kipimo ambacho mafundi wengi hukifuata kwa ekzosi mbili ni hiki: inchi 2¼ kwa V8 ya kawaida isiyozidi takriban nguvu farasi 300, inchi 2½ kwa nyingi zilizo juu ya hapo, na inchi 3 kwa injini zilizoongezwa nguvu sana. Bomba la kuunganisha lifuate kipenyo hicho hicho.

Liwekwe wapi?

Karibu na injini kadiri nafasi inavyoruhusu, baada ya manifoldi na kabla ya silensa. Kwa magari mengi hapo ni chini ya giaboksi au nyuma yake kidogo. Mafundi wa zamani wa Marekani walikuwa na mbinu yao: hupaka mstari wa rangi ya kawaida kwenye mabomba kuanzia mwisho wa manifoldi, huendesha gari, kisha hutazama rangi imeungua mpaka wapi. Pale kuungua kunapoishia ndipo walipokata.

Lakini aliye na neno la mwisho ni umbo la chini ya gari. Kabla ya kununua, pandisha gari, liweke juu ya stendi imara wala si juu ya jeki peke yake, kisha uangalie:

- Chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi. X inahitaji mabomba yasogee katikati, na mara nyingi hapo ndipo kilipo chuma hiki.
- Aina ya giaboksi. Bomba lililopimwa kwa giaboksi ya mkono huenda lisitoshe kwenye otomatiki.
- Propela shafti, waya wa breki ya mkono na mabomba ya mafuta. Chuma hurefuka kikipata moto na injini hutikisika, hivyo acha nafasi.
- Sehemu ya chini kabisa. Bomba lisishuke chini ya fremu. Kwa barabara zetu za matuta, hili pekee linaweza kuamua.

Mabomba yakiwa mbali mbali na nafasi ya katikati ni finyu, chukua H. Usilazimishe.

Chuma gani, kwa watu wa baharini?

Hapa sisi wa Pwani, na ndugu zetu wa Muscat na Dubai, tuna shida moja: hewa ya chumvi. Chuma cha kawaida kitaliwa kwa nje na upepo wa bahari, na kwa ndani na maji yanayobaki gari linapoendeshwa safari fupi bila bomba kupata moto wa kutosha.

Chuma kilichopakwa aluminiamu ni bora kuliko cha kawaida, lakini pale kilipochomewa ule mpako huungua, na kutu huanzia hapo. Chuma cha pua cha daraja la 409 kina kromiamu takriban asilimia 11. Hudumu, ingawa juu hupata wekundu. Daraja la 304, lenye kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli 8, ndilo linalostahimili chumvi vizuri zaidi, na bei yake iko juu. Ukiambiwa ni 304, jaribu sumaku: 409 huishika barabara, 304 huigusa kidogo tu au haiishiki kabisa.

Fundi akiunga chuma cha pua na chuma cha kawaida, atumie waya wa kuchomea wa daraja la 309. Waya wa kawaida hapo utapasuka au kushika kutu mapema.

Katalaiza, sensa na sheria

Kwa magari ya kisasa, bomba la kuunganisha mara nyingi huuzwa pamoja na kipande chenye katalaiza, kile kichujio cha moshi. Yapo yanayouzwa bila katalaiza, na muuzaji huyaita ya mashindano. Nchini Marekani, kuondoa katalaiza kwenye gari la barabarani ni kinyume cha sheria ya hewa safi ya taifa. Aliye huko asidanganywe na bei. Hapa Kenya nako, kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinakuhusu, na jirani mwenye mtoto mchanga hahitaji kanuni kuja kukugongea mlango saa sita za usiku.

Bomba la kuunganisha likae nyuma ya katalaiza na sensa zake. Mshono unaovuja mbele ya sensa ya oksijeni huingiza hewa, sensa husoma vibaya, na kompyuta huongeza petroli pasipo haja. Mtu hulaumu injini kumbe ni tundu la mshono.

Kabla fundi hajamaliza

Sikiliza kwanza gari lenye injini kama yako na silensa kama yako, kwa sababu silensa hubadilisha sauti zaidi kuliko hilo bomba. Mwambie fundi ashike vipande kwa nukta chache tu, ashushe gari, awashe, alitikise, atazame kama kuna kinachogusa. Ndipo achomee moja kwa moja. Upande mmoja na mwingine wa bomba hilo aweke klampu za mkanda au flenji, ili siku ya kushusha giaboksi lifunguliwe kwa spana badala ya kukatwa.

Kwa kifupi: gari la zamani, sauti nzito, nafasi finyu, fundi wa kawaida, chukua H. Injini iliyoongezwa nguvu, mizunguko ya juu, nafasi ya kutosha na fundi hodari, chukua X. Ukibaki katika shaka, tumia fedha zako kwenye chuma kizuri na mshono safi. Miaka mitano baadaye karibu na bahari, hicho ndicho utakachokuwa bado unacho.