Kinywa cha Mwongozi: Ziara za Muziki na Majina ya Mitaa Mjini Liverpool

Mnamo mwaka 1973, klabu ya Cavern iliyokuwa katika Mathew Street mjini Liverpool ilifungwa, na jengo lililokuwa juu yake likabomolewa ili kutoa nafasi ya shimo la kupitishia hewa la reli ya chini ya ardhi. Shimo lenyewe halikuchimbwa kamwe, na mahali pale pakageuzwa uwanja wa kuegesha magari. Katika ghala hilo la chini, baina ya 1961 na 1963, vijana wa Beatles walikuwa wamepiga muziki mara zinazokaribia mia tatu. Wenye mamlaka, yaelekea, waliona kiwanja tu.

Yaliyofuata yanajulikana. John Lennon aliuawa New York mwezi wa Disemba 1980. Mwaka uliofuata, ghasia zikazuka Toxteth, katika mji ambao bandari yake ilikuwa imepoteza kazi nyingi. Ndipo kumbukumbu ikaanza kuonekana kuwa mali. Kampuni ya Cavern City Tours ilianzishwa 1983, na mwaka 1984 Cavern ikajengwa upya karibu na pale pale ilipokuwa, kwa matofali yapatayo 15,000 yaliyookolewa katika ile ya kale. Mgeni anayeteremka ngazi zake leo haingii mahali walipoimba Beatles, wala hadanganywi moja kwa moja. Pengo lililopo baina ya hayo mawili huzibwa na maneno ya mwongozi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, mwongozi huyo ni fanani kamili. Ana hadhira yake ndani ya basi, ana njia isiyobadilika, ana vituo, na katika kila kituo ana kisa. Aghalabu hana kitu cha kuonyesha ila lango, kibanda cha basi au ukuta. Mathalan, makao ya watoto ya Jeshi la Wokovu yaliyokuwa Woolton yaliitwa Strawberry Field, kwa umoja. Wimbo wa 1967 ukalitia jina hilo wingi, na tangu hapo mashabiki wengi hulitamka kama lilivyo katika wimbo, ingawa lango linasema vingine.

Kisa cha Eleanor Rigby kina uzito zaidi. Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro huko huko Woolton, kanisa ambalo Lennon na McCartney walikutana katika ukumbi wake tarehe 6 Julai 1957, limo jiwe lenye jina hilo, la mwanamke aliyefariki mwaka 1939. Walakini McCartney mwenyewe ameeleza kwamba jina la kwanza alilipata kwa mwigizaji Eleanor Bron na la pili katika duka moja mjini Bristol. Jiwe linaendelea kupigwa picha. Hapa hakuna aliyedhurika. Marehemu amepata wageni tu.

Hali ni nyingine kabisa katika Penny Lane. Mtaa huu ulipata sifa kubwa kwa wimbo wa 1967 hata vibao vyake vikaibwa mara kwa mara, na halmashauri ikalazimika kuandika jina kwa rangi ukutani. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba jina hilo latokana na James Penny, mfanyabiashara wa watumwa wa karne ya 18 aliyetoa ushahidi wa kuitetea biashara yake. Mwaka 2006 palipotolewa pendekezo la kubadili majina ya mitaa yenye asili kama hiyo, Penny Lane ilikuwa miongoni mwa yaliyolikwamisha. Mwezi wa Juni 2020 vibao vilipakwa rangi nyeusi, na wenyeji wakavisugua. Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa ya mjini humo ilipochunguza upya, haikupata ushahidi wa kumhusisha Penny na mtaa huo.

Basi simulizi ilishika mtaa usiokuwa na hatia iliyothibitishwa, kwa kuwa huo ndio mtaa ulioimbwa. Ilhali Tarleton Street, ambayo jina lake ni la ukoo uliotajirika kwa watumwa, iko katikati ya mji, mwendo mfupi kutoka Mathew Street, na haina wimbo. Merikebu za Liverpool zilichukua Waafrika wapatao milioni 1.5 kabla ya biashara hiyo kupigwa marufuku 1807. Hesabu hiyo haimo katika njia ya basi la mashabiki.

Hata hivyo Liverpool ilikuwa na mwongozi wa namna nyingine. Eric Lynch, mwenyeji mweusi wa mji huo, kwa miongo mingi aliwatembeza watu kwa miguu katikati ya mji akiwasomea kuta na majina yaliyoachwa na utumwa. Yeye naye alifanya kazi kwa kinywa. Alifariki mwaka 2021. Mwaka uliofuata halmashauri ikaanza kuweka katika mitaa na majengo vibao vya kueleza uhusiano wake na biashara ya watumwa, na vibao hivyo vikapewa jina la Lynch.