Bond, Mafuriko na Chipu

Jamani, katika filamu zote za James Bond, inayonichekesha zaidi mimi mwandishi wa programu ni A View to a Kill ya 1985. Tajiri Max Zorin anataka kulipua mabomu ardhini ili mafuriko yaizamishe Silicon Valley, kule California, kisha atawale soko la chipu duniani. Roger Moore, mwenye miaka 57, anakimbizana naye!

Lakini mwaka huohuo Intel iliamua kuachana na chipu za kumbukumbu za DRAM, biashara iliyoikuza tangu miaka ya 1970. Bomu halikulipuka. Wajapani walitengeneza zilizo bora, wakauza kwa bei nafuu. Basi, wasomaji wangu, msimwogope mwenye baruti. Mchungeni mwenye kiwanda.